Kifafa Kisichosikia Dawa: Je, Mtoto Apasuliwe Kichwa?



Tumepata barua kutoka Kaisho, kule Kyerwa, karibu na mto Kagera unaotutenga na Uganda. Aliyeiandika ni baba wa watoto wanne. Mwanawe wa tatu ana umri wa miaka sita, na ana kifafa tangu alipokuwa wa miezi mitano. Alipewa dawa; ikamsaidia kidogo, kisha ikaacha kumsaidia. Akabadilishiwa, mambo yakawa yale yale. Juu ya mgongo na miguu ya mtoto yapo mabaka meupe, ambayo baba huyu ameyataja kwa mstari mmoja tu, kama jambo lisilo na uzito. Msafiri mmoja aliyetoka Dar es Salaam amemwambia ya kwamba siku hizi kifafa huondolewa kwa kisu. Basi auliza mambo mawili: Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, je, sheria yaruhusu mtoto kufunguliwa fuvu la kichwa, au yatupasa kusubiri? Mwisho wa barua, kwa mwandiko mdogo zaidi, ameongeza ya kuwa wazee wa ukoo wamtaka amrudishe mkewe kwao, kwa sababu, wasema wao, maradhi haya yametoka tumboni mwake.

Tumeona vema kumjibu hapa badala ya kumwandikia faraghani, maana nyumba zenye swali hili ni nyingi. Na tutaanzia pale ambapo yeye hakupatilia maanani, yaani mabaka meupe.

Lakini kwanza neno juu ya miezi ile mitano. Baba asema ya kwamba mtoto hakuanza kwa kuanguka na kutoa povu. Alianza kwa kuinamisha kichwa ghafula na kunyanyua mikono, mara moja, kisha tena, kisha tena, khasa alipoamka usingizini. Bibi yake akasema ni mchango, akamkanda tumbo. Hatumlaumu bibi, hata matabibu hukosea hapa. Mwaka 1841 daktari mmoja Mwingereza, William James West, aliandika barua katika gazeti la matabibu la London liitwalo The Lancet. Hakueleza habari za mgonjwa wa mbali. Alieleza habari za mwanawe mwenyewe, aliyekuwa akiinama namna hii hii mara nyingi kwa siku, na akawaomba wenzake wamwambie la kufanya. Tabibu mkubwa aliyeonyeshwa mtoto yule aliuita mshtuko huo degedege la salaam, kwa kuwa mtoto huinama na kuinuka kama mtu anayeamkia kwa heshima. Hivi leo maradhi hayo huitwa kwa jina la West, na imejulikana ya kuwa katika sababu zake kubwa imo moja ambayo huacha alama juu ya ngozi.

Sababu hiyo yaitwa tuberosi sklerosisi. Mwaka 1880, huko Paris, daktari Bourneville alieleza alichokiona katika ubongo wa msichana wa miaka 15 aliyekufa baada ya kuteswa na kifafa: vinundu vigumu, vilivyotawanyika huku na huku kama viazi ardhini. Jina la maradhi limetoka katika vinundu hivyo. Humpata mtoto mmoja katika kila watoto 6,000 hivi wanaozaliwa, wa kila taifa na kila rangi. Mwili una jeni mbili ambazo kazi yao ni kama breki: huzuia chembe za mwili zisikue kupita kiasi. Ya kwanza ilipatikana mwaka 1993, nafasi yake mwilini ikajulikana, na ya pili mwaka 1997. Ikiharibika mojawapo, breki hulegea; ndipo huota vinundu katika ubongo, na uvimbe katika figo, na pengine katika moyo wa mtoto mchanga. Na ngozini huonekana mabaka meupe, marefu kidogo kama jani. Mabaka matatu au zaidi, yenye upana wa milimita tano au kupita, ni dalili ambayo daktari haruhusiwi kuipuuza.

Katika jambo hili sisi wenye ngozi nyeusi tumepata neema. Huko Ulaya madaktari huwasha taa maalumu gizani ili wayaone mabaka hayo juu ya ngozi nyeupe. Kwetu mama huyaona mchana kweupe anapomwogesha mtoto. Si ukoma, maana baka la ukoma hufa ganzi na haya yana hisia zote. Wala si mba. Mtoto akikua, hutokea vipele vidogo vigumu puani na mashavuni, ambavyo watu hudhani ni chunusi zilizowahi kabla ya wakati wake.

Hatusemi ya kwamba mtoto wa Kaisho ana maradhi hayo. Mgonjwa hatambuliwi kwa barua. Twasema ya kwamba aliyeinama namna ile katika mwezi wa tano, akapata kifafa kisichosikia dawa, na ana mabaka meupe, sharti atazamwe kwa jicho hilo kabla ya mengine yote.

Sasa tuseme na wazee wa ukoo, kwa heshima yao. Katika kila watoto watatu wenye tuberosi sklerosisi, wawili hivi ni wa kwanza katika ukoo wao: jeni iliharibika kwa mara ya kwanza katika mtoto yule yule, na baba na mama wote wawili ni wazima. Katika wa tatu jeni imetoka kwa mzazi mmoja, na mzazi huyo aweza kuwa baba sawasawa kama awezavyo kuwa mama. Pengine ana mabaka mawili matatu mgongoni, hajaanguka hata siku moja maishani mwake, wala hajui kama ana kitu. Mzazi wa namna hiyo, kila mtoto atakayezaa yumo katika nusu kwa nusu ya kuirithi. Basi kumrudisha mke kwao kabla ya mume kuvua shati na kutazamwa mgongo wake mwenyewe ni kuhukumu bila ya ushahidi. Na ukoo wa Kiislamu wajua ushahidi ni kitu gani.

Tuje kwenye dawa. Neno "dawa zimeshindwa" husemwa upesi mno. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kiliweka mwaka 2010 kipimo chake: kifafa huitwa kisichosikia dawa pale ambapo dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa kipimo kilicho sawa, na mgonjwa akazistahimili, zimeshindwa kukizuia. Na kwa nini mbili, si tano? Kwa kuwa watafiti wa Glasgow walionyesha mwaka 2000, katika wagonjwa 470 ambao hawajapata kutibiwa kabla, ya kwamba 47 katika kila 100 walitulia kwa dawa ya kwanza, 13 kwa ya pili, na baada ya hapo wakabaki wachache sana waliotulia kwa ya tatu au kwa kuchanganya. Aliyeshindwa na mbili, basi, asizungushwe miaka kumi akionjeshwa hii na ile.

Lakini tazama masharti: kipimo kilicho sawa. Mtoto wa miaka sita anayekunywa kidonge kile kile alichopimiwa alipokuwa wa miaka miwili hakushindwa na dawa, ameizidi uzito. Mtoto ambaye dawa yake huisha siku ya ishirini ya mwezi, akakaa siku kumi bila, naye hakushindwa na dawa. Huyu yumo hatarini zaidi, kwani kuikata dawa ya kifafa ghafula kwaweza kuleta mshtuko usiokoma. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawamo katika matibabu kabisa. Na kule Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mwanamke aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wenye kifafa wengi waliotengwa na watu. Akaanzisha kliniki ya vidonge vya fenobabitali, ambavyo ni dawa ya bei ndogo, na wengi wakapata nafuu. Hapakuwa na kisu pale. Palikuwa na kidonge kilichotolewa kila mwezi bila ya kukosa.

Neno moja pembeni, kwa kuwa tumo katika sababu za kifafa. Wako Waislamu wanaodhani ya kuwa kifafa cha minyoo ya nguruwe hakiwahusu, maana wao hawali nyama hiyo. Wamekosea. Mayai ya mnyoo huyo hutoka katika choo cha mtu aliyekula, yakaingia katika maji na mboga, na yakimfika ubongoni aliyejitenga na nguruwe maisha yake yote humwangusha vile vile. Choo kizuri cha jirani yako ni kinga yako.

Ama kisu: ni kweli. Si jambo la jana. Mpasuaji Victor Horsley alifanya kazi hiyo London mwaka 1886. Na huku kwetu Afrika, mwaka 1950, daktari Krynauw wa Johannesburg alitoa habari za wagonjwa 12 waliopooza upande mmoja tangu utotoni, ambao aliwaondolea nusu moja ya ubongo iliyokuwa imeharibika. Habari zake zikasomwa dunia nzima. Msomaji atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Lakini ubongo wa mtoto mdogo una uwezo ambao wa mtu mzima hauna: upande uliobaki hujifunza baadhi ya kazi za upande ulioondoka. Ndiyo maana wapasuaji, pale inapolazimu, hupenda mtoto aletwe mapema.

Kwa watoto wenye tuberosi sklerosisi haiondolewi nusu ya ubongo ila kwa nadra. Hutafutwa kinundu. Mtoto aweza kuwa na vinundu kumi, lakini mara nyingi kimoja ndicho kinachowasha moto, na vingine vimelala. Hupimwa umeme wa ubongo kwa waya zinazobandikwa kichwani, mchana na usiku, huku akipigwa picha ya sinema ili mshtuko wake uonekane. Hupigwa picha ya MRI. Ikiwa vyote vyaelekeza mahali pamoja, na mahali hapo si pa kusema wala pa kuendeshea mkono, hapo ndipo hukatwa. Zaidi kidogo ya nusu ya watoto waliofanyiwa hivyo hawakuanguka tena katika miaka ya mwanzo. Wengine hupungukiwa. Wengine, kinundu kingine huamka baadaye.

Na hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote katika makala hii. Maradhi ya jeni si ya namna moja. Wakulima wa Kagera waujua mnyauko wa migomba: ukilipata shina moja, hung'olewa lote na kufukiwa, na shamba likapona. Lakini ikiwa kasoro imo katika udongo wa shamba zima, utang'oa shina gani? Kipo kifafa kingine cha watoto, kiitwacho cha Dravet, ambacho huanza katika mwaka wa kwanza kwa mishtuko mirefu wakati wa homa, hata watu hudhani ni degedege la malaria. Jeni yake ilijulikana mwaka 2001. Hiyo huharibu milango midogo ya chumvi katika chembe za neva, na chembe hizo zimeenea ubongo mzima; hakuna kinundu wala mahali pa kukata. Mtoto wa namna hiyo kupasuliwa ili kiondolewe kipande cha ubongo ni kujeruhiwa bure. Tena hata kabamazepini, dawa ya kawaida katika hospitali zetu, humzidishia. Watoto wawili waanguka vile vile katika kijiji kimoja. Mmoja kisu chaweza kumfaa na mwingine kitamdhuru. Anayesema "kifafa hukatwa" bila ya kuuliza ni kifafa gani, hajui asemalo.

Kwa wale ambao kisu cha kuondoa hakiwafai zipo njia nyingine. Wapo wanaokatwa kiungo kiunganishacho pande mbili za ubongo, ili mtoto asianguke kama gogo na kupasuka uso. Kipo chombo kidogo cha umeme kinachozikwa kifuani na kuunganishwa na neva ya shingo. Ipo dawa iitwayo everolimasi, inayoirudisha breki iliyolegea, ila bei yake si ya mkulima wa kahawa. Na ipo lishe ya mafuta mengi yenye wanga kidogo sana, iliyobuniwa mwaka 1921 baada ya kuonekana ya kuwa kufunga kula hupunguza mishtuko. Lakini kuishika katika nyumba ambayo ndizi ndiyo chakula, asubuhi na jioni, ni mtihani, wala haianzwi bila ya daktari.

Je, mambo haya yawezekana katika nchi zisizo tajiri? Mwaka 2017 madaktari wa Delhi, India, walitangaza matokeo ya watoto na vijana 116 wenye kifafa kisichosikia dawa, wenye sababu mbalimbali. Baada ya mwaka mmoja, katika waliopasuliwa 77 kwa kila 100 hawakuwa wakianguka. Katika walioendelea na dawa peke yake, 7 tu. Lakini waliopasuliwa walikuwa 57, na 19 kati yao walipata madhara makubwa, wengi wao udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ambao kwa baadhi ya upasuaji ulitazamiwa tangu mwanzo. Twaandika hesabu zote mbili kwa makusudi.

Na karibu zaidi, ng'ambo ya mto huo huo wa Kagera, Uganda ina hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mashuhuri kwa kutibu vichwa vilivyojaa maji. Mwaka 2009 ilitangazwa katika jarida la Epilepsia ya kwamba wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa walichaguliwa Uganda na kupasuliwa hapo, kwa vyombo vilivyokuwapo. Kifafa chao kilikuwa cha upande wa kipaji, karibu na sikio, ambacho ni chepesi zaidi kukipata kuliko kinundu cha tuberosi sklerosisi. Mbale i mbali na Kaisho, na hatusemi baba aanze safari kesho. Twasema tu ya kwamba kazi hii imekwisha fanywa katika Afrika Mashariki.

Sasa sheria. Mtume Mtukufu (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, akaeleza ya kwamba hakuna maradhi yasiyo na dawa ila uzee. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, liliamua ya kuwa kujitibu huwa wajibu pale ambapo kuacha kwaweza kuleta kifo, au kupotea kiungo, au kulemaa; na ya kwamba idhini ya mtoto iko kwa walii wake, lakini walii hana haki ya kuitumia idhini hiyo kumdhuru aliye chini yake. Kwa hiyo kufungua fuvu si haramu kwa nafsi yake. Linalotazamwa ni kama mpasuaji ni mjuzi na mwaminifu, na kama faida inayotarajiwa ni kubwa kuliko hatari.

Wako watakaomkumbusha baba huyu habari za yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akilalamika ya kwamba huanguka na kufunuka nguo. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke. Hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas. Lakini tuisome vizuri. Aliyechagua ni mtu mzima, na alijichagulia mwenyewe. Kwa maoni yetu baba hawezi kumchagulia mwanawe wa miaka sita subira ambayo mtoto hakuombwa, hali ya kuwa akili yake yaweza kudhurika kwa mishtuko hiyo. Na wale wasemao ya kwamba kifafa chote ni jini, wamsome Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra (1350): yeye mwenyewe, aliyekubali ya kuwa kiko cha namna hiyo, alikitenga na kile kitokanacho na mwili, ambacho ni kazi ya tabibu. Dua na isomwe, asubuhi na jioni. Na kidonge kinywewe kwa saa yake.

Basi ndugu yetu wa Kaisho afanye hivi. Aende hospitali ya Isingiro, au ya Nyakahanga huko Karagwe, akichukua pakiti zote za dawa alizowahi kupewa mtoto, hata zilizo tupu. Kipimo cha dawa kipimwe upya kwa uzito wa leo. Aandike katika daftari kila mshtuko: siku, saa, ulianza mkono gani, ulidumu muda gani. Aupige picha ya simu tangu mwanzo, huku mtu mwingine amemlaza mtoto ubavu. Asitiwe kijiko kinywani, na ukipita dakika tano apelekwe hospitali. Mtoto asiachwe peke yake karibu na mafiga wala kisimani. Amwonyeshe daktari mabaka kwa kidole, maana hospitalini mtoto huonwa akiwa amevaa nguo. Ikiwa mabaka yathibitika, aombe barua ya kwenda hospitali ya mkoa Bukoba, na kutoka huko Bugando, Mwanza, au Muhimbili, ambako pia ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, yenye wapasuaji wa ubongo. Huko aombe figo zitazamwe pia, maana hizo huharibika kimya kimya. Na kabla ya kuweka sahihi yoyote, aulize wazi: moto huu watoka mahali pamoja au pengi? Mahali hapo hufanya kazi gani? Watoto wangapi wa namna hii mmewapasua, na walikuwaje baada ya mwaka?

Safari hiyo asiende peke yake. Afuatane na mkewe, kwani yeye ndiye aliyekuwa macho usiku na ajuaye mishtuko ile zaidi ya daftari lolote. Na daktari atataka kuitazama ngozi ya mama, kama atakavyotaka kuitazama ya baba.